Maneno Niliyoyafua

Pale kazini wananiita Posta, na jina hilo nililivaa kwa fahari mpaka mwaka huu. Mimi ni karani wa mkurugenzi katika kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Kila siku tunapokea mashuka elfu tatu yenye damu, matapishi na vitu vingine ambavyo sivitaji kwa kuwa huenda unakula, na tunayarudisha meupe, yamekunjwa, yakiwa bado na joto la pasi.

Jengo letu limekatwa katikati kwa ukuta. Huku ni upande mchafu, ambako malori hushusha mizigo, mafundi hupakia mashine, na ofisi zetu zipo. Kule ni upande safi, ambako mashuka hukaushwa, hupigwa pasi na kufungwa. Mashine za kufulia zimepachikwa ndani ya ukuta wenyewe, zina mlango huku na mlango kule. Shuka huingia chafu na kutokea upande wa pili likiwa safi, na halirudi lilikotoka. Mtu naye havuki hivi hivi. Ukitoka upande mchafu sharti uvue aproni, uvue buti za mpira, unawe mpaka kwenye viwiko, uvae koti jeupe na kofia ya kuzuia nywele. Dakika kumi zinaishia hapo. Kwa hiyo wakuu walikuwa hawavuki. Nilikuwa navuka mimi.

Iliwekwa simu ya ndani, kidude kimoja kila upande, ili wakuu waongee bila kuvuka. Iliharibika miaka minne iliyopita. Simu hiyo iweke akilini, nitairudia.

Wakuu wenyewe ni wanne. Mkurugenzi tulimpa jina la Nitaliangalia, maana ndilo jibu lake kwa kila jambo. Hafoki, hatukani, na watu wakigombana mbele yake hujifanya amebanwa, akakimbilia chooni. Upande mchafu unaongozwa na Mapovu, bonge la mtu mwenye sauti ya kuzishinda mashine zake. Upande safi ni wa Mama Pasi, mwembamba, nadhifu, ambaye akikutazama unajikuta unakagua vifungo vyako mwenyewe. Wa nne ni Kamanda, mkuu wa magari, dereva wa zamani anayetaka lori liondoke saa kumi kamili alasiri hata kama ndani hamna kitu.

Mapovu na Mama Pasi walikuwa paka na panya. Chanzo hakuna anayekikumbuka sawasawa. Wengine wanasema ni toroli, wengine wanasema ni salamu isiyoitikiwa. Kikao cha wakuu cha kila Jumatatu kilikufa taratibu. Kwanza alikosa mmoja, halafu wawili, mwisho nikawa naandika muhtasari wa kikao ambacho hakikukaliwa. Ndiyo, niliuandika. Nilipita kwa kila mkuu, nikachukua maneno yake, nikayashona pamoja, "wajumbe walikubaliana kwa kauli moja," na mkurugenzi, Bosi wangu, akatia saini. Usinitolee macho. Kazi ilikuwa inaenda.

Ilikuwa inaenda mpaka Alhamisi moja vile vitambaa vya kijani, vya kumfunika mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji, vilipokosekana. Lori la saa kumi liliondoka bila hata kimoja. Kesho yake asubuhi watu saba waliokuwa wamelala na njaa wakisubiri kupasuliwa walirudishwa wodini. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka minne. Barua ya hospitali ilitufikia kabla ya adhuhuri: tuna siku tisini. "Wakuu wenu wakionyesha kwamba wanaweza kufanya kazi pamoja, tutaendelea nanyi. Wasipoweza, tutatafuta wengine."

Hospitali ile ndiyo mteja wetu. Bila yake, watu sitini wangemwaga unga siku moja, na mimi ni mmojawapo. Nina miaka hamsini na mitatu, na nyumbani nina mama mzazi anayenitegemea. Nani angeniajiri mimi?

Barua ilikuwa na sharti moja: aletwe mshauri, afanye "afua ya kuimarisha timu ya uongozi." Kamanda aliisoma mara mbili, akauliza, "Hii afua inapakwa au inamezwa?" Tulicheka sana, kwa sababu tulikuwa tunaogopa.

Akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu bapa, chupa yake ya chai mkononi kana kwamba ameonywa kuhusu chai yetu. Nilimchukia palepale. Wa aina yake nilishawaona: wanakuja na karatasi za rangi, wanawachoresha watu wazima miti na jua, wanapiga picha ya pamoja, wanaondoka. Huyu hakumchoresha mtu kitu. Wiki nzima ya kwanza alikaa na mmoja mmoja, maswali machache, kunyamaza kwingi. Siku moja alivaa aproni akashinda upande mchafu akitenga mashuka; siku ya pili akanawa, akavaa koti, akashinda upande safi akikunja. Wafanyakazi walimpenda. Mimi nikazidi kununa.

Zamu yangu ilipofika aliniuliza, "Dada, ukipewa ujumbe, unaufikishaje?"

"Kama nilivyopewa."

"Neno kwa neno?"

"Mimi ni Posta. Sifungui barua za watu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akanishukuru. Jioni ile nilisahau sufuria jikoni mpaka ikaungua, na mama akaniuliza kama nimeanza mapenzi uzeeni.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafungua kila barua. Mama Pasi angesema: "Mwambie huyo bwana mashuka kumi na nane yamenirudia na damu. Kama macho hana, akafue kichwa chake kwanza." Nami nikivua koti na kuvaa buti, nayaosha yale maneno. Nikifika kwa Mapovu: "Mama Pasi anakusalimia. Kuna mashuka machache, ukipata nafasi uyatazame." Mapovu angenguruma: "Mwambie akitaka yang'ae, aje ayafue na kucha zake zile." Nikirudi kule: "Anasema pole, atajitahidi." Nilikuwa fundi. Nilijua kutoa chumvi na kutia asali bila mtu kushtuka, na ili nisisahau neno njiani nilikuwa naandika kwanza lile la kweli kwenye kijidaftari cha mfukoni. Vijidaftari vilivyojaa nilivifungia kwenye droo yangu. Usiniulize kwa nini sikuvichoma.

Kazi hii nilijifunza nyumbani. Nilipokuwa na miaka tisa, wazazi wangu waliacha kuzungumza, na waliendelea kukaa nyumba moja, chumba kwa chumba, mimi katikati. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani. Akitaka ale, akitaka akitazame." Nami: "Baba, mama anasema karibu chakula." "Mwambie mama yako kwa chumvi hii anataka kuniua." Nami: "Mama, baba anasema ahsante." Shangazi zangu walinisifu, mtoto huyu ana akili za mtu mzima. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa ugonjwa wa siku tatu, na walikuwa bado hawajasemeshana.

Wiki ya pili, siku ya Ijumaa, mshauri alichukua kitambaa kimoja cha kijani, akakishona uzi mwekundu pembeni, akawaambia wakuu wote wanne, "Leo hatuna mkutano. Tunakifuata hiki kuanzia kinaposhushwa mpaka kinapopakiwa, wote kwa pamoja. Kinaposubiri, nasi tunasubiri."

Walitembea kama watu wanaosindikiza jeneza la mtu wasiyempenda. Mimi nilikuwa nyuma yao na kalamu yangu. Kitambaa kilisubiri kufuliwa saa moja, saa mbili, saa tatu. Mapovu alituonyesha sababu bila kufungua mdomo. Alitupeleka tu kwenye boila. Lilikuwa linatetemeka lote. Bomba la mvuke limefungwa tambara na waya, na mshale wa presha umelala chini kabisa.

Mama Pasi aliuangalia ule waya kwa muda. "Hili limekuwa hivi tangu lini?" akauliza, bila kumlenga mtu.

Mapovu akamgeukia mshauri. "Mwambie nilishasema miezi saba iliyopita."

"Yupo hapa," mshauri akasema.

Boila likapiga kwikwi. Mapovu akageuka taratibu, mwili mzima. "Nilishasema," akamwambia Mama Pasi. "Miezi saba sasa. Nilikuletea habari kwamba kabla ya saa saba mchana sitakuwa na mvuke wa kutosha."

"Hukuniletea."

"Nilileta!"

"Wewe ulisema utajitahidi."

"Mimi? Neno hilo sijalisema tangu nizaliwe!"

Baadaye wakanawa, wakavaa makoti, wakavuka, na Mapovu kwa mara ya kwanza katika miaka minne akawaona wanawake kumi na wawili wa upande safi. Walikuwa wamesimama mbele ya meza tupu tangu saa mbili asubuhi, mikono imekunjwa. Vya kijani vilitakiwa viwafikie kabla ya saa tano ili viwahi lori. Aliwasalimia kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Mimi nilikuwa nimeiacha kalamu katikati ya neno. Mshauri hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Aliwaambia tu, "Leo tumefuata kitambaa. Jumatatu tutakaa, tufuate neno."

Jumamosi nilipanga la kufanya. Ningesema nilikuwa na kazi nyingi, nikasahau mambo mawili matatu. Wangenipa lawama kidogo, basi. Nikisema yote, nimekwisha. Nikinyamaza, wale wawili wataendelea kuitana waongo mpaka siku ya tisini, na tutakwisha wote. Nilizunguka na hesabu hiyo mpaka kichwa kikaniuma.

Jumapili mchana nilimkuta mama kibarazani akichambua maharage. Nikakaa naye, nikachukua konzi moja nikaanza kutoa mawe.

"Mama, ulijua kwamba nilikuwa nabadilisha maneno?"

"Maneno gani?"

"Yako na ya baba."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili na ukuta wa mbao. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nasikia anavyoporomosha matusi, halafu nakuona unaingia na uso wa malaika, 'Baba anasema ahsante.' Na yeye alikuwa anasikia yangu."

Maharage yakanidondoka. "Sasa mbona hamkunikataza?"

Akaacha kuchambua. "Ilikuwa rahisi," akasema. "Kwangu na kwake. Nilijiambia, siku mtoto akichoka, mmoja wetu itabidi anyanyuke. Wewe hukuchoka." Akashika mkono wangu. "Usilie. Wewe ulikuwa mtoto. Wakubwa tulikuwa sisi."

Nililia lakini, tena kwa sauti. Nilimlilia baba, ambaye miaka minne mizima alikuwa hatua sita kutoka kwa mkewe. Na nililia kwa sababu pale kazini mimi si mtoto.

Chumba cha mikutano kilikuwa kimegeuka stoo ya madumu ya sabuni. Jumatatu asubuhi tuliyatoa, tukafuta meza. Wakuu wanne walikaa, mimi pembeni na kalamu, na miguuni pangu mfuko wa kitambaa wenye muhuri wa hospitali. Mshauri alisimama ubaoni.

"Wiki ile ya vya kijani," akamwambia Mama Pasi. "Wewe ulituma neno gani?"

"Kwamba vinifikie kabla ya saa tano. Vikichelewa sivipokei, maana haviwezi kuwahi lori."

Akaliandika. "Na wewe ulipokea neno gani?"

Mapovu akakuna kidevu. "Kwamba nikiweza, viwe mapema kidogo."

Akaliandika na hilo, mbali na la kwanza, akaacha nafasi tupu katikati. Wote wakaitazama ile nafasi. Mshauri alikuwa anajua. Nadhani alijua tangu siku ya kwanza, ila hakutaka kunitaja, alitaka nijitaje. Niliweka kalamu chini, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hapo katikati ni mimi," nikasema.

Nikaufungua mfuko, nikavimwaga vijidaftari mezani. Vilikuwa thelathini na kimoja. Niliwaeleza yote bila kuyapamba, na ukitaka kujua jambo gumu kwa mtu kama mimi, ndilo hilo. Nikasoma la kweli, halafu nikasema nilivyolifikisha. Nikasoma la "akafue kichwa chake," na Mapovu akapasuka kicheko kimoja kikubwa, halafu akakikata katikati. Nikasoma la kucha. Nikasoma la boila: "Mwambie Bosi boila linakufa, na siku likilipuka nitamtafuta yeye kwanza."

"Wewe uliniambia nini?" Bosi akauliza.

"Kwamba boila lingehitaji kuangaliwa."

"Nami nikasema nitaliangalia."

"Ndiyo, Bosi."

Alinyanyuka. Sote tulijua anaelekea chooni. Akafika mlangoni, akasimama, akarudi akakaa. "Ningeambiwa vile lilivyosemwa, ningeenda," akasema.

"Ungeenda?" mshauri akamuuliza, kwa upole tu.

Bosi alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri. "Sijui," akasema. "Nilipenda kuletewa kilicholainishwa. Sikuwahi kuuliza kimelainishwa na nani."

Ilibaki simu. Nilitoa kwenye mfuko karatasi ya mwisho, imekunjamana, ya rangi ya chai. Ilikuwa fomu ya kumwita fundi wa simu ya ndani, ya miaka minne iliyopita, ambayo nilitakiwa kuipeleka siku ileile. "Sikuipeleka," nikasema. "Kwanza nilisahau. Halafu nikaona jinsi kila mtu anavyonihitaji. Nikajiuliza, simu ikipona, mimi nitakuwa nani hapa?"

Hapo Mama Pasi akasimama. "Wanawake kumi na wawili nimewasimamisha kila siku kwa kuamini 'atajitahidi,'" akasema. "Nimewakaripia kwa uvivu ambao haukuwa wao. Mmoja aliacha kazi kwa sababu ya mdomo wangu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Nilimgeukia mshauri ili aniokoe. Hakuniokoa. Alisema kwamba nimefanya jambo zito na jema, na kwamba hata hivyo Mama Pasi ana haki ya hasira yake, na mimi sina kazi ya kuilainisha.

Bosi akasema, "Nitali..." Akajikamata. "Utapata barua ya onyo. Leo. Nitaiandika mwenyewe." Na aliiandika, kwa mkono wake, barua ya kwanza katika miaka sita isiyopita kwangu. Ilikuwa na makosa matatu ya uandishi. Niliisaini bila kuyagusa.

Fundi wa simu alitumia dakika arobaini. Panya alikuwa ametafuna waya. Boila lilichukua wiki mbili na mafundi watatu, na Bosi alisimama nao pale pale, mikono ya shati imekunjwa, akipata masizi.

Boila lilipopona, mshauri aliwawekea utaratibu mmoja tu. Kila siku saa moja na nusu asubuhi wakuu wote wanakuwa kwenye simu: Mapovu na Kamanda huku, Mama Pasi kule, Bosi siku moja upande huu, kesho upande ule. Kila mmoja anasema anachohitaji leo, asichoweza leo, na anachoahidi. Ukisema "nitajitahidi" unaambiwa urudie kwa kutaja saa. Ukimsema mtu badala ya kuisema kazi, unaanza upya. Siku ya kwanza waligombana dakika kumi na tisa. Niliwasikia kupitia mlango, na kila sekunde mikono yangu iliniwasha nikaingilie kati. Nikaikalia. Ugomvi ulipoisha, vya kijani vilikuwa vimepata saa: saa nne na nusu, upande safi. Na siku ile vilifika saa nne na dakika ishirini.

Sikwambii walipendana. Wiki ya tano Mapovu alibamiza simu ile mpaka kifuniko kikaruka. Lakini baada ya nusu saa aliirudia, akasema, "Naanza upya." Kamanda naye alijifunza kusubiri dakika tano, akazitangaza kana kwamba ametoa figo. Vikao vya Jumatatu vilikaliwa kweli, na muhtasari wanaandika wao kwa zamu. Bosi hadi leo hunisahau. "Posta, mwambie Mama Pasi..." Namjibu, "Simu inafanya kazi, Bosi." Anacheka, anaiinua.

Siku ya tisini alikuja matroni wa hospitali na faili lake. Alikaa na wakuu saa mbili. Aliwauliza vitu vya kuchokoza makusudi, nao wakapingana mbele yake bila kuogopa, kisha wakakubaliana mbele yake. Alipotoka alisimama ukumbini akatuambia wote: wiki nane mfululizo hakuna upasuaji ulioahirishwa kwa sababu yetu. Mkataba unaendelea. Watu walipiga makofi, wengine wakakumbatiana na aproni zao zenye maji. Mshauri alikuwa nyuma kabisa, akifunga chupa yake ya chai. Nilimfuata nikamwomba radhi kwa kumchukia. "Nilijua," akasema. "Hukuwa unalificha vizuri kama mengine."

Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini Mama Pasi hakuwa amenisemesha tangu Jumatatu ile. Tukikutana kwenye korido ananipita kana kwamba hanioni, mimi wala kivuli changu. Nilistahili. Mara tatu nilifika kwenye beseni la kunawia, nikageuka.

Jioni hiyohiyo, watu wameanza kuondoka, Kamanda akachungulia ofisini. "Posta, Mama Pasi anakusalimia sana. Anasema ukipata nafasi, siku yoyote, upite umwone."

Nilimtazama Kamanda. Mama Pasi hajawahi kumsalimia mtu kupitia mtu.

"Alisema hivyo?"

Kamanda akaanza kuchezea funguo za lori. "Eeh... si maneno hayohayo hasa..."

"Usiniambie," nikasema. "Naenda mwenyewe."

Nilivua viatu. Nilinawa mpaka kwenye viwiko, mara mbili. Nikavaa koti na kofia, nikasukuma mlango. Pasi kubwa za roli zilikuwa zimezimwa na zinapoa. Mama Pasi alikuwa peke yake mezani, mbele ya rundo la yale mashuka mapana ambayo mtu mmoja hawezi kuyakunja.

"Kamanda ameniambia unanisalimia," nikasema.

"Muongo. Nilisema, mwambie Posta ameshajificha vya kutosha huko ofisini, aje anitazame usoni kama ana haya."

Nilimtazama usoni. Haikuwa rahisi, lakini nilimtazama. "Nisamehe," nikasema.

"Bado," akasema. "Nina hasira na wewe. Nikiamka ninayo, nikilala ninayo. Nataka uijue ilivyo, si kwa kuambiwa."

"Naisikia."

"Yule dada aliyeacha kazi nimemfuata kwake. Nimemwomba radhi mimi mwenyewe. Anarudi mwezi ujao. Siku akirudi, utasimama mbele yake umwambie kama ulivyotuambia sisi."

"Nitasimama."

Alinikazia macho kwa muda, kama anavyokagua doa asilokuwa na hakika nalo. Halafu akavuta shuka la juu, akanirushia upande mmoja.

"Shika pembe," akasema.

Nikashika. Tukalivuta likakaza kati yetu, tukalikunja mara moja, halafu kila mmoja akaanza kutembea kumwendea mwenzake.